Maswali Yenu: Mafundi na Wakaguzi wa Serikali Kukaa Meza Moja

Katika toleo lililopita niliandika kwamba Aprili 28, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, haiwezi kuokoa kidole cha mtu ikiwa itaadhimishwa kwa fulana na maandamano peke yake, nikapendekeza vyama vya wenye kazi mkoani Tanga viandikiane makubaliano na Serikali kuhusu usalama katika karakana, mashamba na viwanda vyao. Barua zilizokuja baada ya hapo zimenionyesha kwamba nilipita haraka mno mahali palipohitaji kutuliwa. Nimechagua nne, na majina ya walioandika nimeyahifadhi.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni katibu wa chama cha mafundi seremala na mafundi wa kuchomelea hapa Ngamiani. Tuna wanachama arobaini na kidogo, wengi wao wakiwa na karakana za watu watatu hadi sita. Niliposoma pendekezo lako kikaoni, mzee wetu mmoja alisimama akasema kwamba tunataka kumfungulia chui zizi kwa mikono yetu wenyewe, na wengi walimuunga mkono. Hofu yao ni kwamba tukishatia saini, wakaguzi watapata orodha ya karakana zetu zote na faini zitafuata. Je, makubaliano ya namna hiyo yana faida gani kwetu, na mwanachama atalindwaje?

JIBU: Ndugu Katibu, tafadhali mfikishie mzee huyo salamu zangu za heshima, kwa sababu hofu yake ina msingi na haifai kujibiwa kwa maneno matamu. Nitaanza na jambo ambalo huenda asilipende. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950, na tofauti kubwa kati ya hizo mbili ni kwamba ile ya kale iliviangalia viwanda, ilhali hii ya sasa inagusa kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, iwe shamba, duka, gereji au karakana ya watu watatu uani. Kila sehemu ya kazi inatakiwa kusajiliwa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, chama kiwe kimetia saini au hakijatia. Kwa hiyo karakana isiyojulikana haijalindwa na chochote; ina deni ambalo siku ya kudaiwa ni siku ya ajali, na siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kukutana na mkaguzi kwa mara ya kwanza. Isitoshe, Serikali ilikwisha kufuta ada ya kusajili sehemu ya kazi pamoja na ada ya ushauri wa kitaalamu, na naona hilo halijawafikia mafundi wengi wa mjini kwetu, maana bado nasikia watu wakiitaja gharama ya usajili kama sababu ya kujificha.

Sasa niseme makubaliano ni nini na si nini. Nchini Marekani, ambako wakala wa usalama kazini ulianza kazi mwaka 1971 na kwa ufupisho wa Kiingereza unaitwa OSHA kama wa kwetu, kuna mpango ulioanzishwa mwaka 2002 ambao kwa huo Serikali inaandikiana na vyama vya wenye viwanda, vyama vya wafanyakazi, vyuo na jumuiya nyingine. Pande mbili hukubaliana ni hatari zipi za kazi hiyo zishughulikiwe kwanza, huandaa pamoja vielelezo na mafunzo katika lugha ambayo wafanyakazi wanaielewa, na kujiwekea muda wa kutazama walipofika. Mwanachama hasamehewi ukaguzi kwa sababu ya saini ya chama chake, na haki ya mfanyakazi kulalamika haipungui hata kidogo. Pembeni ya mpango huo kuna huduma nyingine ya ushauri wa bure kwa wenye biashara ndogo, ambapo mshauri huja karakanani kwa kualikwa, hutaja hatari alizoziona, wala hatozi faini. Sharti lake ni kwamba hatari kubwa aliyoionyesha lazima irekebishwe ndani ya muda mliokubaliana. Ningependa chama chenu kiombe kitu kinachofanana na hicho: ziara ya kwanza iwe ya mafunzo, yapatikane majuma kadhaa ya kurekebisha, na ziara ya pili iwe ya ukaguzi kamili. Msiombe kusamehewa ukaguzi. Kama ningekuwa mwanachama wenu, nisingetia saini karatasi inayoahidi kwamba mkaguzi hatafika, maana siku atakapoumia kijana wangu, karatasi hiyo ndiyo itakayosomwa mbele ya wazazi wake.

Faida yenyewe naiona kwenye msumeno. Mkaguzi anajua sheria inataka sehemu ya mashine inayozunguka ifunikwe. Asichokijua, na ambacho kila seremala wa Ngamiani anakijua, ni kwa nini kifuniko kimeondolewa. Misumeno mingi ya mezani inayotumika mitaani imeundwa hapa hapa kwa mota, mkanda na meza ya vyuma, na haikuwahi kuwa na kifuniko. Ile michache iliyonunuliwa na kifuniko chake, fundi amekifungua kwa sababu kinamzuia kuona mstari anapochana vipande vyembamba vya msaji (mtiki) kutoka shamba la miti la Longuza. Akiambiwa akirudishe atakirudisha mbele ya mkaguzi na kukifungua jioni. Lakini mafundi wakikaa na mkaguzi wakaeleza kazi inavyokwenda, itaonekana kwamba ajali nyingi za msumeno huo huanzia nyuma ya duara la msumeno, pale ubao unapofumba baada ya kuchanwa, ukaubana msumeno, kisha ukarushwa kumwelekea anayesukuma huku mkono wake ukivutwa kwenye meno. Dawa yake ni kipande cha bapa kinachosimamishwa nyuma ya msumeno, chembamba kidogo kuliko upana wa mkato na kinene kidogo kuliko bati la msumeno wenyewe, kuzuia ubao usifumbe. Pamoja na kijiti cha kusukumia ili vidole visikaribie. Mnao mafundi wa kuchomelea katika chama hicho hicho. Wao wanaweza kukitengeneza kipande hicho kwa kila mwanachama kwa kipimo kimoja, SIDO, shirika la Serikali la kuhudumia viwanda vidogo, wakasaidia mchoro, na OSHA wakakikagua na kukikubali. Hapo chama kitakuwa kimefanya jambo ambalo mkaguzi peke yake asingelifanya kwa miaka kumi, na fundi peke yake asingekuwa na sababu ya kulianza.

Kwa upande wa kuchomelea sitakaa sana. Mitungi ya oksijeni isiguswe na grisi wala mafuta, kwa sababu mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo huweza kuwaka bila kiberiti; isimamishwe na kufungwa mnyororo; na moshi wa kuchomelea uchukuliwe kwa uzito, maana tangu mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mbao limo katika kundi hilo hilo kwa miaka mingi zaidi. Waelezeni wanachama hayo mawili kabla hamjazungumzia faini.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mwanangu ana miaka kumi na tisa, anajifunza kupuliza rangi za magari kwenye gereji moja hapa Makorora. Halipwi mshahara, anapewa nauli na chakula cha mchana. Jioni anarudi akikohoa na kifua kinambana, na usiku halali vizuri. Mwenye gereji amenijibu kwamba huyo si mfanyakazi wake, ni mwanafunzi, na kwamba mambo ya chama chao na Serikali hayamhusu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, Mama. Si kweli. Sheria ya mwaka 2003 imetamka tangu maelezo yake ya mwanzo kwamba inawalinda watu walio kazini na pia watu wasio wafanyakazi ambao wanaweza kudhurika kutokana na shughuli za mahali hapo. Kijana anayeshika bunduki ya rangi kwa maelekezo ya mwenye gereji hawezi kuwekwa nje ya ulinzi huo kwa kuitwa mwanafunzi.

Kuhusu kifua chake, nakuomba usisubiri makubaliano ya mtu yeyote. Rangi nyingi za magari za kuchanganya na kikaushio zina kemikali za jamii ya isosayaneti, ambazo ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za pumu inayotokana na kazi. Tabia yake mbaya ni kwamba mwili ukishazizoea vibaya, hata kiasi kidogo sana baadaye kinatosha kuleta shambulio, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo kabisa. Mpeleke hospitali, mweleze daktari kazi anayofanya na jina la rangi lililoandikwa kwenye kopo, na kikohozi kinavyobadilika siku asipokwenda kazini. Siku hizo za mapumziko zikimpa nafuu, daktari atapata mahali pa kuanzia.

Nami namwomba kila katibu wa chama cha mafundi gereji anayesoma safu hii aingize wanagenzi katika makubaliano kwa kuwataja, tena kwa idadi. Karakana zetu zinaendeshwa na vijana wasiolipwa, na hao ndio wanaopewa kazi chafu na za hatari kwa sababu ndiyo desturi ya kujifunza. Makubaliano yanayohesabu wenye mishahara pekee yataacha nje karibu kila mtu anayevuta rangi hiyo.

SWALI: Ndugu Mshauri, nafanya kazi ya kulisha majani kwenye korona, mashine ya kukamua majani ili kutoa nyuzi, katika shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Mwaka juzi mwenzangu alikatwa vidole viwili. Sasa meneja ametuambia kwamba waajiri wanataka kuandikiana na Serikali kuhusu usalama, na ametutaka tushukuru. Hakuna aliyetuuliza lolote. Nauliza, makubaliano hayo hayawezi kuwa pazia la kufunikia mambo? Na mwenzetu aliyeumia ana haki gani?

JIBU: Ndugu yangu, yanaweza. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya usalama ya kiwanda kimoja, nami nililiona pazia hilo kwa macho yangu. Tulikuwa na hati iliyotiwa saini, imewekwa kwenye fremu katika ofisi ya meneja. Siku moja kijana aliingia chini ya mkanda wa kusafirishia mali ghafi kutoa uchafu, na mwenzake wa zamu, asiyejua kuna mtu ndani, akabonyeza kitufe. Kijana yule alipoteza mkono. Hati ilikuwa na kurasa kumi na mbili na haikuwa na sentensi moja kuhusu kuzima umeme, kufunga swichi kwa kufuli na kumwachia ufunguo yule anayeingia ndani ya mashine. Wasafishaji walilijua tatizo hilo tangu zamani. Wakati wa kuandika hawakuitwa. Mimi nami niliisoma hati ile kabla haijatiwa saini, na sikuwaita. Ndiyo maana siwezi kulijibu swali lako kwa upole.

Mambo ya kazi katika nchi yetu yamejengwa juu ya utatu: Serikali, waajiri na wafanyakazi. Makubaliano ya Serikali na waajiri pekee ni mguu mmoja pungufu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 155 wa mwaka 1981 unataka wafanyakazi na wawakilishi wao washirikishwe, na unamkinga mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo mbele yake kwa sababu za msingi. Na mwezi Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi zinazozihusu nchi wanachama wote. Dunia imekwisha kulipa gharama ya kulisahau jambo hilo. Jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh lilipoanguka Aprili 24, 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, baadhi ya viwanda vya nguo vilivyokuwamo vilikuwa vimekwisha kukaguliwa kwa niaba ya wanunuzi. Mapatano ya usalama wa viwanda yaliyofuata mwezi Mei mwaka huo yalitofautiana na ukaguzi huo kwa kuwa yalifunga kisheria na yalikuwa na saini za vyama vya wafanyakazi. Wasomaji wanaodhani kwamba saini ya mfanyakazi ni mapambo naomba wautazame mfano huo.

Kwa hiyo mwone kiongozi wa chama chenu cha wafanyakazi wa mashambani, mwambieni aombe kwa barua nakala ya rasimu na nafasi ya kutia saini. Wakati huo huo kaeni ninyi wa korona mwandike mnachokijua. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe, Pangani, na tangu hapo maarifa ya namna unavyoumiza watu yamekuwa yakipokezanwa kwa mdomo, baba kwa mwana, bila kuandikwa mahali. Andikeni saa ambazo ajali hutokea zaidi, kama ni mwisho wa zamu au majani yanapokuja mengi kuliko mikono. Andikeni kama kamba ya kusimamisha mashine inafikika na mtu aliyekwisha kushikwa mkono mmoja, au inafikika na msimamizi tu. Andikeni sakafu inavyoteleza kwa maji na maganda, utomvu unavyowasha ngozi, na vumbi la singa, yaani nyuzi za mkonge, kwenye mashine ya brashi linavyowakalia vifuani. Tajeni pia zile mara ambazo mtu aliponea chupuchupu, maana hizo ni nyingi kuliko ajali na hazina mtu wa kuziona aibu. Ukurasa mmoja wa namna hiyo, ukiambatishwa kwenye makubaliano, una uzito kuliko dibaji yote ya wanasheria. Sheria inatambua pia wawakilishi wa usalama na afya sehemu ya kazi. Ulizeni wa kwenu ni nani, na kama hamumjui, hilo liwe la kwanza katika orodha.

Kuhusu mwenzenu: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianzishwa kwa Sheria Na. 20 ya mwaka 2008, na mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake, hakuna senti inayokatwa kwenye mshahara. Mafao yake hayaishii kwenye matibabu. Kuna malipo ya ulemavu wa muda, ya ulemavu wa kudumu, huduma za utengemao na mengineyo. Kama taarifa ya ajali yake haikupelekwa, aende katika ofisi ya Mfuko bila kuchelewa zaidi, akiwa na cheti cha hospitali, kitambulisho cha kazi na majina ya walioshuhudia. Kwa sekta binafsi mchango huo ulishushwa kutoka asilimia 1 ya mishahara hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022. Waajiri walipewa unafuu huo kwa pamoja, na naona ni haki kuwauliza kwa pamoja ni kiasi gani cha unafuu huo kimerudi kwenye vifuniko vya mashine.

SWALI: Sisi tunachoma chokaa upande wa Amboni. Tuko sita tu wenye matanuri, hatuna chama. Tunaweza kuingia katika mambo haya?

JIBU: Mnaweza. Wajerumani walipotunga sheria yao ya bima ya ajali mwaka 1884, waliwakusanya waajiri kwa kazi zao, kila fani na jumuiya yake, na kwa kuwa wenye fani wenyewe ndio waliolipa fidia, walipata sababu ya kuandika kanuni za kuzuia ajali. Ukubwa wa kundi si jambo kuu. Jambo kuu ni kwamba hatari zenu ni moja. Nendeni pamoja TCCIA mkoa, yaani chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, mwombe wawaongoze katika kujiunga au kujiandikisha kama kikundi, kisha mwandikie OSHA barua moja yenye majina sita.

Wakati mkisubiri majibu, anzeni na macho. Chokaa iliyotoka tanurini ikikutana na unyevu huchemka, na jicho ni unyevu mtupu. Kila tanuri liwe na miwani inayofunika pembeni kwa kila anayepakia, na pipa la maji safi lenye bomba, hatua chache kutoka mahali pa kazi, ambalo halichotwi kwa kunywa wala kunawa miguu. Chokaa ikimwingia mtu jichoni, aliyesimama karibu amwondolee kwanza unga mkavu ulioshika usoni, kisha amfungue kope na kumwagilia maji mengi mfululizo, dakika ishirini au zaidi, hata akipiga kelele, ndipo apelekwe hospitali. Gharama ya mapipa sita gawaneni sawa, na mkaguzi atakapokuja mumwonyeshe hayo kwanza.